Kadi Inakula Nini?

Kadi ya picha ya kompyuta ikipata moto inanuka kama jembe jipya. Sikuambiwa na mtu, nimeinusa kwa pua yangu mwenyewe pale Rulenge, kwenye chumba cha mjukuu wangu Yustina, na tangu siku hiyo nina uchovu ambao hata nikilala hauondoki. Ninyi wa rika langu, mliofuatana na baba zenu sokoni mkiwa bado vibogoyo wa meno ya mbele, mnaijua harufu ninayoisema: grisi ya kiwandani, chuma, na mti ulioungua pale mkia wa jembe ulipopita na moto wake kwenye kichwa cha mpini. Nilidhani harufu ile nilishaizika zamani. Kumbe ilikuwa inanisubiri ndani ya kompyuta.

Nianze na Yustina, maana bila yeye mambo haya ningeyajulia wapi. Ni mtoto wa binti yangu wa pili. Nimemlea mimi, kijijini kwetu Kirushya, tangu anaachishwa ziwa, na sioni haya kusema kwamba ana akili kunishinda mimi, mama yake na huyo baba yake tukijumlishwa pamoja. Alisoma mambo ya kompyuta chuoni, akarudi nyumbani. Ofisi moja huko Biharamulo ilikuwa inauza kompyuta zake kuukuu, akanunua moja, zile nyembamba za mezani kwa karani. Akapanga chumba Rulenge, akatundika televisheni ukutani, watu wakaanza kuja kucheza gemu. Msidhani ni watoto. Ni watu wazima na ndevu zao: waendesha bodaboda, mwalimu wa sekondari, yule bwana wa duka la dawa. Wanacheza mpira kwa vidole, wanatukanana, wanalipa, kesho wanarudi. Mashine ni hiyo moja tu. Ikifa, kazi ya Yustina imekufa, na yeye atafunga mzigo aende Mwanza kuomba kazi kwa watu kama walivyokwenda wenzake wote, na mimi nitabaki na migomba.

Shida ililetwa na gemu jipya. Wateja walilitaka, Yustina akaliweka, na picha ikaanza kustaki, ndivyo wanavyosema wenyewe. Mchezaji anakimbia na mpira, ghafla anaganda mguu juu kama kapigwa na radi, halafu unamkuta yuko golini na hujui kapitia wapi. Kuna mwendesha bodaboda anaitwa Deusi, mdomo wake hauna kifuniko. Yeye alikuwa anasema mbele ya watu, "Dada Yustina, hii ni mechi au umetuita kupiga picha za kitambulisho?" Wenzake wanacheka, na mmoja mmoja wakaanza kupungua.

Yustina alinieleza jioni moja tukimenya ndizi. "Bibi, ndani ya kompyuta yuko anayefikiri, na yuko anayechora. Yetu haina wa kuchora. Huyo huyo anayefikiri ndiye anachora, amezidiwa. Inabidi nimtafutie mchoraji wake. Ndiyo grafiksi kadi."

Nikamwelewa mara moja. Mwanamke gani wa huku hajawahi kupika huku mtoto yuko ziwani na mwingine analia mlangoni? Nikasema nitainunua mimi. Nilikuwa na ndama dume, nikamuuza. Na sikuishia hapo. Jumapili baada ya ibada niliwasimamisha kina mama wote pale kigangoni nikawaambia, "Mjukuu wangu namnunulia kadi ya picha. Ile kubwa." Hakuna aliyejua ni kitu gani, wala mimi sikukijua vizuri, lakini walitikisa vichwa kwa heshima, na mimi heshima naipenda, siwezi kuwadanganya.

Basi fundi akaja pale chumbani Rulenge, Selestini, mtu wa Biharamulo, mchangamfu, shati limejaa mifuko. Alikuja na mashine yake ya kujaribia ndani ya boksi, imefunguliwa, matumbo yote nje. Kadi zenyewe alikuwa amezifunga kwenye sweta.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Toa tuone."

Akatoa mbili. Moja ilikuwa nzito, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidoleni, ina feni tatu kama mafiga. Nyingine ilikuwa fupi, nyembamba, na kafeni kamoja katikati. Yustina aliichukua ile ndogo, akaigeuza, akatazama nyuma yake, akatazama pembeni, akapima kwa vidole.

"Hiyo unaishikia nini?" nikamwambia. "Inafanana na kipande cha sabuni."

"Hii nayo inachora, Bibi."

"Inachora nini, vijiti vya hesabu za darasa la kwanza? Chukua ile kubwa. Ndiyo tuliyosema."

"Bibi yako ana jicho," akasema fundi.

"Sawa, Bibi," akasema Yustina.

Alisema haraka mno. Nilisikia, nikapita.

Fundi akaichomeka ile kubwa kwenye mashine yake ili tuone kwamba ni nzima. Feni tatu zikavuma. Na picha, jamani! Jasho linaonekana kwenye shingo ya mchezaji, unaona na nywele zinavyopepea. Nilipiga makofi. Nikajiona tayari niko kigangoni naeleza. Baada ya muda ikapata moto, na ile harufu ikaanza kutoka.

"Inanuka," akasema Yustina polepole.

"Ni grisi na vumbi tu," akajibu fundi. "Ilikotoka ilifanyishwa kazi sana. Lakini hii kitu, Bibi, inakula! Inakula kwelikweli!"

Aliisifu kama mtu anayesifu fahali. Mimi sikuwa nao tena. Nilikuwa Rulenge hiyo hiyo, soko la zamani, sijatimiza miaka tisa.

Tulikuwa tumetoka misa, mimi na baba. Mama alibaki nyumbani. Jembe lake lilikuwa limelika mpaka likawa kama ulimi wa mbuzi, na baba alikuwa ameahidi kumnunulia jipya. Muuzaji alikuwa ametandika magunia, majembe yamelala juu yake kwa safu. Baba aliinua moja moja, akayagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Mwisho yakabaki mawili. Moja jembamba, la kawaida. La pili pana, zito, rangi yake ya bluu bado inang'aa, limebandikwa karatasi nyekundu katikati ya uso. Baba alikuwa na furaha siku hiyo. Akanigeukia akaniuliza, nadhani kwa mzaha tu, "Haya wewe, tumchukulie mama yako lipi?"

"Kubwa," nikasema.

Nilitaka ile karatasi nyekundu. Hakuna kingine. Ndivyo jembe la mama yangu lilivyochaguliwa.

Baba alilibeba begani njia yote mpaka Kirushya. Akikutana na mtu alisimama kumsalimu, na akisimama aligeuka kidogo ili jua lilipige lile jembe. Mimi nilitembea nyuma yake na karatasi yangu mkononi, najiona mtoto wa tajiri. Nyumbani aliuchoma mkia wa jembe kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akaupitisha kwenye kichwa cha mpini, moshi ukatoka, uani kukajaa ile harufu. Kisha akamkabidhi mama. Mama alilipokea kwa mikono miwili, na mikono yake ikashuka, magoti yakakunjika kidogo. Niliona kabisa. Nikadhani anapiga goti kushukuru.

Mama yangu aliolewa kutoka Mabawe. Alikuwa mfupi, mwepesi, mifupa ya ndege. Ukimwona amesimama karibu na jembe lile mpini ulimfika kidevuni. Lakini alilima. Mungu wangu, yule mwanamke alilima! Mahali alipokuwa anamaliza kwa siku tatu sasa alimaliza kwa mbili. Udongo ulilala umepinduka, mweusi, mabonge makubwa. Majirani walikuja kutazama. Mama Leokadia, ambaye mji wake ulipakana na wetu, na ambaye akiongea kwake sisi tunajibu, alisimama kwenye mpaka akashika kiuno: "Isuka hii inakula!" Isuka ndilo jembe kwa kilugha chetu. Alikuwa na maana kwamba linaingia ardhini vizuri, linang'ata. Baba akacheka kwa raha. Nami nikacheka, kwa sababu ni mimi niliyelichagua.

Zikapita wiki. Siku moja niko kisimani, Mama Leokadia yuko mbele yangu na mwanamke mwingine wanajaza vibuyu, hawakuniona. Akasema kwa sauti ya chini, yeye ambaye sauti ya chini hakuwa nayo, "Isuka ile inamla."

Inakula. Inamla. Kwa kilugha chetu ni hivyo hivyo kama kwa Kiswahili, kinabadilika kipande kidogo tu katikati ya neno, unaweza hata usikisikie. Mimi nilikisikia. Nilirudi na maji yangu nusu yamemwagika. Nikaanza kumchunguza mama. Na kweli! Mikono ilikuwa imepungua. Mifupa ya shingoni ilikuwa imetokeza, mtu angeweza kuweka chumvi pale ndani. Alikuwa anasinzia na sahani mapajani. Kilichokuwa kinaongezeka ni tumbo peke yake, nikadhani nyama zote za mwili zimekimbilia tumboni kujificha, jembe lisizione.

Mtoto akishajua shida anatafuta dawa. Nilifikiri hivi: kama linamla mama ni kwa sababu lina njaa. Mbona mbwa akishiba hang'ati mtu? Basi kila siku kabla ya kwenda shule nilichukua ndizi na maharage kwenye chungu, kiasi cha konzi yangu, nikaenda nyuma ya nyumba lilipokuwa limeegemezwa, nikalipaka usoni. Nilipaka vizuri mpaka kwenye makali, maana nilijua meno yako pale. Nililiambia lile lote, lisibakize. Na nikirudi shule nakuta limeliwa! Kuku hawakunijia akilini. Nilifurahi sana. Nilihesabu kwamba baada ya muda mama ataanza kunenepa.

Siku ya nne au ya tano mama aliwahi kuliko kawaida, akakuta jembe limejaa siafu.

"Nani kalipaka isuka chakula?"

Nikajifanya natazama siafu.

"Nakuuliza wewe. Ni wewe?"

"Nililipa chakula lishibe," nikasema. "Lisikule."

Alicheka. Mama yangu hakuwa mtu wa kucheka sana, lakini siku ile alishika mbavu, akakaa chini palepale, akapangusa machozi kwa mgongo wa mkono. Kisha kicheko kikaisha, akabaki amekaa. Akalitazama jembe, akanitazama mimi.

"Linakula, ni kweli," akasema. "Lakini halili maharage."

Akainuka, akalisugua kwa majani, akaenda shambani.

Jibu lile nililala nalo na kuamka nalo. Kama halili maharage, basi linakula nini? Nikapata jibu langu mwenyewe, nyama ya mtu, na jibu la mtoto linatisha kuliko la mtu mzima. Nikaona bora liondoke. Nililiburuta, maana kulibeba sikuweza, nikalipeleka katikati ya migomba, nikalifunika kwa majani makavu, nikaketi juu yake kidogo ili nihakikishe halitoki.

Baba alitafuta jembe akakasirika, akasema limeibwa, akataja na majina ya watu. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Kutoka ukutani mpaka migombani palikuwa na mstari kwenye vumbi, mrefu, hata kipofu angeufuata. Mama aliuona. Nilimwona akiuona. Akatembea juu yake taratibu, anaburuta miguu kama mtu aliyechoka tu, akaufuta mpaka mwisho. "Nitakuwa nimelisahau shambani," akamwambia baba. "Ngoja nikalitazame." Akalitoa kwenye majani, akaliweka begani, akaenda kulima. Hakunipiga. Ningefurahi angenipiga.

Alianguka msimu wa maharage, kwenye tuta, mchana. Wanawake walimbeba kwa machela mpaka misheni. Aliporudi tumbo halikuwepo, na mtoto hakuwepo, na hakuna aliyenieleza lolote. Alikaa ameegemea ukuta, miguu imenyooka, anatazama shamba ambalo tayari lilikuwa linaota magugu. Mtu alitakiwa ashike mpini. Kaka zangu walikuwa bado wadogo, baba alikuwa na kazi zake za wanaume. Nikashika mimi. Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu alikuja mara moja kuulizia, baba akamkaribisha pombe ya ndizi, wakaongea habari za mvua, akaenda zake. Hapo ndipo shule yangu iliishia. Nilianza na lile jembe kuukuu la ulimi wa mbuzi, na nilipokua nikahamia lile kubwa. Mabega haya mnayoyaona ni yake.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mnyama aliyemla mdogo wangu nilimchagua mimi, kwa ajili ya karatasi. Sikumwambia hata padri kwenye maungamo. Niliogopa ataniuliza karatasi iko wapi. Niliolewa nayo siri hiyo, nikazaa nayo. Mama alikuwa mzee kabisa, amerudi kuwa mwepesi kama mtoto, siku nilipomuuliza.

"Mama, lile jembe lilikuwa limekuzidi. Mbona hukumwambia baba alirudishe?"

Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Alikuja nalo begani kutoka Rulenge, watu wote wamemwona," akasema. "Kulirudisha angelibeba vipi?"

Akamaliza ndizi ile, akachukua nyingine.

"Na wewe ulichagua lililokuwa zuri. Hukukosea. Ila katika nyie wawili hakuna aliyetazama mikono yangu."

Hilo ndilo lililonijia pale nimekaa kwenye benchi la Yustina, feni tatu zinavuma, fundi anasema inakula, inakula. Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa amesimama kando ya ile kompyuta yake nyembamba, kiganja kimetulia juu ya boksi, hatazami jasho la wachezaji wala nywele zao.

"Fundi," nikasema. "Inakula nini?"

"Umeme, Bibi."

"Hapa kwako inakula kwenye mashine yako. Kwa Yustina nani atailisha?"

Fundi akacheka. "Si ipo pawasaplai yake, Bibi, kile kisanduku cha umeme."

"Nionyeshe."

Yustina akachukua bisibisi, akafungua mashine yake. Pembeni kabisa palikuwa na kisanduku kidogo kama kopo la maziwa lililokandamizwa, kina karatasi ya namba. Namba nazijua, darasa la tatu lilinitosha kwa hilo. Niliinama nikasoma: mia mbili arobaini.

"Na hiyo kubwa inataka ngapi?"

Fundi akatazama dirishani. "Ukiwa na wati mia tano ndiyo unakuwa na amani, Bibi. Lakini haina shida, tutaunga waya. Na boksi tutalikata ubavu kidogo, maana humu haiingii."

"Mtaunga."

"Watu wanaunga, Bibi. Kila siku."

"Na ikizidiwa?"

Aliyejibu ni Yustina, macho chini. "Inazima. Ikizima tu, hiyo ni bahati. Isipozima, inaungua, na inaondoka na mashine nzima."

Nikamgeukia.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hajaja. Ni mimi niliyempigia simu nikamwambia alete na ndogo."

"Na nilipokuambia chukua kubwa ukasema sawa, Bibi."

Akasugua bisibisi kwenye sketi yake. "Ulishawaambia watu wa kigango kizima, Bibi."

Niliketi. Nilikuwa nimeketi tayari, lakini niliketi tena, mnaelewa. Nimelima maisha yangu yote, nimezika mume, nimezika watoto wawili, sijui kama nimewahi kuchoka kama nilivyochoka dakika ile. Miaka yote nilijua kwamba ni mimi yule mtoto mwenye karatasi. Sikujua kwamba naweza kuwa pia mwanaume aliyebeba jembe begani, anageukageuka juani. Na huyu msichana, mwenye akili kutushinda wote, alikuwa tayari achome mkate wake ili mimi nisione haya mbele ya kina mama.

"Izime hiyo," nikamwambia fundi. "Ifunge kwenye sweta lake."

"Bibi, lakini hii ndogo haitachora kwa uzuri ule. Nakwambia ukweli ili usije ukanilaumu."

"Usiniambie mimi. Mashine ni yake. Muulize yeye."

Nadhani fundi Selestini hakuwa amemtazama Yustina tangu aingie, ila wakati wa kupokea salamu. Sasa akageuka. "Haya dada. Unasemaje?"

Na Yustina akasema! Alisema kwamba ndogo inanyonya umeme wake kwenye ubao mkuu wa mashine wenyewe, haitaki waya wa pembeni. Alisema kimo chake ni nusu, kinaingia bila kukata kitu. Alimwuliza feni imebadilishwa lini, akaizungusha kwa kidole, akaisikiliza, akasema ina mchakacho, akataka itiwe mafuta palepale kabla hajaipokea. Akataka na siku saba za kuijaribu. Fundi anasema hivi, yeye anamrudisha hivi. Nilielewa theluthi moja. Lakini nimeishi na mtoto huyu miaka yote, na sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile nikiwa nimekaa mbele yake. Nikajiuliza ni mara ngapi ameniambia sawa, Bibi.

"Na kigango?" akaniuliza fundi akiwa amepiga magoti anafunga skrubu, anatania, amesikia yote. "Utawaambiaje?"

"Kigango nitajua mwenyewe. Kaza skrubu."

Haikuchukua muda. Ilipowashwa, wateja wawili walikuwa tayari mlangoni, yule bwana wa duka la dawa na Deusi na kofia yake ya pikipiki kichwani. Wakakaa, wakaanza. Nilitazama miguu ya wachezaji. Walikimbia. Hakuna aliyeganda. Mpira ulitoka kwa huyu ukafika kwa yule, na njia yake uliiona yote. Deusi akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa televisheni.

"Dada Yustina! Mbona majani ya uwanja hayaonekani? Kijani tupu kama umepakwa rangi!"

"Kwani umekuja kucheza mpira au kuchunga ng'ombe?"

Bwana wa duka la dawa alicheka mpaka akaangusha alichokuwa ameshika. "Hata ukiona majani, Deusi, utayala tu, mpira huujui!" Deusi akarudi kwenye kiti anabwatuka. Akafungwa manne.

Yustina alikuwa amesimama kando. Mechi ya kwanza ilipoisha aliweka kiganja kwenye ubavu wa boksi, kama unavyompima mtoto homa, akanitazama. "Hata moto haina, Bibi," akasema. Mechi ya pili ilipoisha akaweka tena. Wakati huo walikuwa wameongezeka, mwalimu naye amefika na madaftari yake kwapani, wanagombania zamu. Mechi ya tatu ilipoisha nilimsubiri aje apime. Hakuja. Alikuwa kule mbele, mikono kiunoni, anamwambia Deusi kwamba aliyefungwa anampisha mwenzake na hakuna mjadala. Nikaegemeza kichwa ukutani nikafumba macho.